Masale Hayaonekani kutoka Juu

Aika, mama yangu,

Hali yangu unaijua, tumekula sahani moja jioni hii, kwa hiyo salamu naziruka. Mambo ya sweta, dawa ya tumbo, nani wa kumpigia ukifika na nani wa kumkimbia nayo nayaruka, maana mama yako ameyasema tangu Jumapili na hajamaliza. Hata sasa namsikia chumbani anakumbuka jingine.

Utashangaa baba yako anakuandikia barua wakati tuko nyumba moja. Sababu unaijua. Mimi nikisema napaza sauti, na wewe ukipaziwa sauti unafunga masikio. Juzi tulipoanza jambo la kihamba cha jirani yetu Mama Ndeshi, lile shamba linalozunguka nyumba yake, hatukufika hata nusu. Ulisema, "Baba, plizi, habari za mashine yako ya maziwa usizilete kwenye kazi yangu." Nikapiga meza, chai ikamwagika, ukaondoka. Tangu siku hiyo tunaongea habari za mvua na ndizi, kama wageni waliokutana msibani.

Basi nalisema hapa hapa mwanzoni ili usilitafute. Leo mchana, ulipokuwa Moshi mjini unachapisha makaratasi yako, Baba Godi ameingia kwenye kihamba cha Mama Ndeshi na jembe, akaanza kung'oa masale, ile mimea waliyoipanda wazee kuonyesha mpaka. Mchana kweupe! Shemeji yake mtu, mdogo wa marehemu mume wake. Na mfukoni alikuwa na simu, na ndani ya simu kuna ramani yako.

Ulipotokea njiani unacheka, na mama yako ameshamkamata yule jogoo, nikasema acha mtoto ale kwanza. Umekula, umeombewa na vijana wa usharika, umelala. Mimi nimeshindwa kulala na siri hii, ndiyo maana nimekaa hapa.

Hebu kwanza niiseme kazi yako kwa maneno yangu, uone kama nimeielewa, usije ukasema mzee anapinga asichokijua. Wewe na mwenzako mmeanzisha kampuni. Mnarusha droni juu ya vihamba vyetu, inapiga picha, halafu programu ya akili mnemba inahesabu miringaringa, grevilea na miparachichi, na inachora yenyewe mpaka wa kila kihamba. Wakulima wanaahidi kutoikata miti hiyo kwa miaka mingi. Makampuni ya nje yanayochafua hewa yanalipia ili iendelee kusimama, na malipo yanaingia kwenye simu ya mwenye kihamba. Kesho unashuka Kiboriloni, gari la mwenzako linakuchukua, mnavuka Holili, na mkifika Nairobi mnakaa na wawekezaji, mnawakabidhi ramani na kutia saini. Halafu unabaki huko kuiendesha kampuni. Nimekosea wapi?

Na kazi hiyo naipenda, Aika. Sikutanii. Nimeona watu wakiangusha mringaringa uliopandwa na babu yao ili wapate mbao za mlango, kahawa ikabaki inaungua na jua, maji ya mfongo yakakauka kabla hayajafika kwetu. Mtoto wangu mwenyewe akija na njia ya kumlipa mtu auache mti wake usimame, niseme nini? Nilikuwa natembea kifua mbele kijiji kizima. Mama yako alisema nimeanza kuwasalimia watu kama diwani.

Lakini programu yako haikuuona mpaka wa Mama Ndeshi na Baba Godi. Ingeuonaje? Hapo hakuna ukuta wala njia. Kuna masale tu, na masale yako chini ya migomba, na migomba iko chini ya miti. Ukitazama kutoka juu ni kijani kitupu. Mapaa mawili ndani ya kihamba kimoja ni jambo la kawaida huku, kwa hiyo programu haikushangaa. Ikaviunganisha vihamba viwili vikawa kimoja, kwa jina la Baba Godi, kwa kuwa yeye aliwahi kujiandikisha, na Mama Ndeshi siku hizo alikuwa Kahe anavuna mahindi yake.

Kosa la programu ningelisamehe hata bila kuombwa. Kilichonifanya nipige meza ni kwamba wewe uliuona ule mpaka. Umekulia hapa. Ulikuwa unayaruka masale yale kila siku kwenda kula kiburu kwa Mama Ndeshi, mpaka mama yako akaona aibu akaanza kumpelekea ndizi za fidia. Nilipokuuliza hukukataa. Ulisema, "Najua, Baba. Tutarekebisha awamu ya pili." Ukanieleza kwamba wawekezaji wanataka eneo lililoungana na lisilo na mgogoro, na kwamba mkivitoa vihamba vile viwili eneo halifiki kiwango chao, na kuhangaika kwenu kote kunakwenda na maji.

Awamu ya pili! Maneno hayo nimeyasema mimi kabla yako, kwa sauti ileile ya mtu mwema mwenye haraka.

Wewe mashine ya maziwa unaikumbuka kama lile tangi la kutu nyuma ya ofisi ya kijiji mlilokuwa mkijificha mkicheza kombolela. Ulikuwa mdogo. Hukuiona ilipong'aa. Nilikuwa fundi wa majokofu pale mjini, na nilikuwa na wazo moja lililoninyima raha: kwa nini maziwa yachache yachachuke na jua limejaa tele? Nikapata wafadhili. Paneli za sola juu ya paa, tangi la kupozea, mzani unaopima na kutuma ujumbe wenyewe, jioni malipo yanaingia kwenye simu. Hakuna dizeli, hakuna moshi, hakuna mama wa kushuka na ndoo kichwani mpaka Kiboriloni. Wakati ule watu wengi huku walikuwa hawajawahi kuona kitu kama hicho. Wageni walikuja na kamera. Siku ya ufunguzi nilivaa koti langu la harusi.

Nikaharibu kwenye swali moja tu la kuwaandikisha watu. Niliwauliza: ng'ombe ni wa nani? Unawajua wanaume wa huku ukiwauliza hivyo. Wangu! Kila mmoja, wangu! Na ni kweli, ng'ombe huhesabiwa wa mwanaume, na kahawa ni ya mwanaume. Lakini maziwa na ndizi vina mwenyewe, mama wa nyumba, tangu enzi za mabibi zetu. Huyo ndiye anayekata majani na kuyabeba mgongoni, ndiye anayekamua, na kinachopatikana ndiyo chumvi, sabuni na daftari la mtoto, bila kumpigia mtu magoti. Mimi niliyezaliwa humu humu, niliyesomeshwa na ndoo ya mama yangu, nikaandika namba za simu za wanaume. Kwa maziwa ya mama yako niliandika namba yangu mwenyewe. Wala sikuona ajabu.

Mama mmoja alinifuata mashineni akaniuliza, "Fundi, mbona maziwa yangu yanalia kwenye simu ya mume wangu?" Nikamwambia, "Tutarekebisha awamu ya pili, mama." Sikuwa namdanganya, niliamini kabisa. Ila kesho yake nilikuwa na wageni, keshokutwa nina ripoti, na kila nikitaka kurekebisha naona nitaharibu kitu ambacho kila mtu anakisifia. Nikajipa moyo kwamba waume watawapa tu wake zao. Wengine waliwapa. Wengine walipita kwanza kwenye pombe ya mbege.

Hakuna aliyegoma. Wanawake wa huku wakikasirika hawapigi kelele, unawajua, wewe mwenyewe ni mmoja wao. Waliwaacha tu ndama wanyonye zaidi. Maziwa yakapungua kidogo kidogo, na mimi na akili zangu zote nikasema ni ukame. Nikamwita daktari wa mifugo! Yule bwana akapima ng'ombe wa kijiji kizima, akaniambia, "Fundi, ng'ombe hawa wana afya kukuzidi wewe." Nikaona hajui kazi.

Halafu siku moja nikawapeleka wageni sokoni Kiboriloni, wakaone jinsi akina mama walivyokuwa wakiteseka zamani. Ndivyo nilivyowaambia, zamani. Tunapita kati ya mikungu ya ndizi, mimi mbele naongea kwa mikono miwili, nageuka, namwona mama yako. Amekaa juu ya gunia, ndoo mbele yake, anampimia mtu maziwa kwa kikombe. Alikuwa akiondoka alfajiri akiniambia anakwenda kukata majani.

Mgeni mmoja, mwanamke, akasimama mbele yake. Akauliza kupitia kwa mkalimani kwa nini yeye hapeleki maziwa kwenye mashine. Mama yako akainua macho, akaniona. Wale wageni hawakujua ni mke wangu. Neno moja tu, Aika, angelitamka pale, kila nilichokijenga kingeishia sokoni mbele ya kamera. Akamjibu yule mgeni kwa adabu zake zote: "Bado sijaielewa vizuri, mgeni wangu. Nitajifunza."

Jioni aliniwekea chakula kama kawaida. Nilipomaliza akachukua sahani, akasema, "Leo nimekusitiri. Usinifanye nirudie." Akaenda kulala. Sijawahi kumwogopa binadamu kama nilivyomwogopa mama yako usiku ule.

Nilizunguka wiki nzima nikijifanya nina kazi mjini. Mwisho nikakata isale pamoja na kijiti chake, nikalifunga jani fundo kama wanavyolifunga wazee, nikampelekea bandani anakamua. Wanaume wenzangu wangejua wangenicheka mpaka leo. Isale la kuomba msamaha hupelekewa jirani uliyemwumiza, au ndugu mliyefikishana pabaya, si mke wako asubuhi na mapema. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea, maana isale halikataliwi. Akasema, "Nimesikia. Nimekusamehe. Ila maziwa siyapeleki." Akakichomeka kile kijiti kando ya banda, akarudi kukamua.

Na kweli hakuyapeleka. Baadaye nilizunguka nyumba kwa nyumba, nikabadilisha namba zote, nikawaandika akina mama. Walinipokea vizuri, walinikaribisha, hakuna aliyeninunia. Ndoo zao zikaendelea kushuka Kiboriloni. Walikuwa wameshanisamehe, lakini hawakuniamini tena, na tangi likakaa tupu mpaka wafadhili wakaacha kuja. Nilirudi kwenye majokofu. Sijawahi kukusimulia hili kwa sababu kwako mimi ni baba aliyewahi kuleta sola kijijini, na nilipenda unione hivyo.

Sasa nakuja kwenye siku ya droni, na hapa anayesemwa ni mimi, si wewe.

Unakumbuka tulivyojazana pale kwenye uwanja wa usharika. Mlipoirusha watoto walikimbia wakipiga kelele, wazee wakashika kofia zao. Mimi nilikuwa nimeshika lile begi lake kama nimeshika mtoto wa kubatizwa. Mlipoishusha na programu ikamaliza kuchora, ulinipa tableti niangalie. Nikatafuta kwetu kwanza, kama mtu yeyote. Halafu jicho likahamia kwa jirani. Niliuona ule mstari, Aika. Umeanzia kwa Baba Godi ukaenda mpaka kwenye mfongo, umemeza zizi la Mama Ndeshi, umemeza jiko lake, umemeza na kaburi la mume wake. Nikafungua mdomo. Wakati huo huo mchungaji akanishika mkono, akanitikisa, akasema, "Baba Aika, umelea!" Watu wakapiga makofi. Nikaufunga mdomo wangu, nikatabasamu.

Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa. Nilipokuja kukuuliza juzi, nilikuuliza kama mtu msafi anayemhoji mkosaji. Ndiyo maana ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika hata bila kujua kwa nini.

Leo mchana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe, nikasikia jembe upande wa pili. Wakati huu wa mwaka hakuna anayelima pale. Nikaenda. Baba Godi ameshang'oa masale matatu, ameyatupa kwenye mfongo, mizizi juu. Mama Ndeshi amekaa chini, amelikumbatia lile linalofuata, lile la karibu na kaburi, miguu ameinyoosha mbele. Khanga yote imejaa udongo.

Nikamwuliza, "Baba Godi, unafanya nini?"

"Nasafisha shamba langu."

"Lako tangu lini?"

Akaweka jembe chini taratibu, akatoa simu, akanionyesha. "Tangu mwanao alipopima. Na kanitumia mwenyewe, akaniambia nihakiki. Nimehakiki, ni sawa." Halafu akanitazama usoni. "Ukiniita mwizi, Baba Aika, ujue mwizi wa kwanza katoka kwako."

Nilitaka kumpiga. Nakuambia kweli, nilikuwa na panga la majani mkononi, na unaijua hasira yangu. Lakini panga nililishusha, kwa sababu alichokisema kilikuwa kweli. Baba Godi si shetani. Miaka yote amekitamani kile kihamba na miaka yote ameogopa, kwa kuwa kila mtu anajua masale yamekaa wapi na hakuna mzee ambaye angesimama upande wake. Wewe umempa kitu cha kusimama nacho. Akasema hana haraka. Ukishatia saini Nairobi atarudi na vijana amalizie, na kaburi la kaka yake litahamishwa kwa heshima zote. Kwa heshima zote! Akabeba jembe lake, akaondoka.

Nikamsaidia Mama Ndeshi kuinuka. Akajifuta, akaniuliza kitu kimoja tu. "Aika anajua?"

Nikamwambia nitakuuliza. Nimemdanganya mjane wa watu, Aika, maana jibu ninalo.

Masale matatu tumeyatoa kwenye mfongo tukayarudisha kwenye mashimo yake. Mama yako alikuja kusaidia kumwagilia. Yatashika, isale ni gumu kufa. Lakini hatuwezi kulinda mpaka ule kila siku, na likishapita jembe la pili hakuna atakayekumbuka vizuri mstari ulikuwa wapi, isipokuwa tableti yako.

Sasa sikuambii usiende. Nisome vizuri hapo, kwa sababu najua utaruka moja kwa moja kwenye hilo. Nenda. Ningekuwa na umri wako na akili yako ningekuwa nimeshafika. Wala sikuambii kwamba ukivitoa vihamba vile kwenye ramani mambo yatanyooka. Labda wawekezaji watakuelewa, labda watafunga kompyuta zao waende kwa watu wengine wasio na majirani wala makaburi. Mwenzako anaweza kukulaumu, na kijiji kizima kinaweza kukosa malipo na kusema ni kwa sababu ya yule mtoto wa fundi, kama baba yake tu. Haya yote yanaweza kutokea. Mimi nilirekebisha, na mashine ikafa vilevile, kwa hiyo siwezi kukuuzia maneno matamu.

Ninachojua ni hiki. Wakati yule mama ananiuliza kuhusu simu ya mume wake, ilikuwa kazi ya asubuhi moja kurekebisha. Miezi ilipopita ilikuwa kazi ya kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Na mashine yangu haikukosea hata siku moja, ilipima mpaka tone la mwisho. Droni yako nayo haijakosea, imepiga picha ya kilichokuwepo juu. Sisi ndio tuliojua cha chini tukakiacha, kwa sababu kilikuwa kinatuchelewesha. Nikifikiria hivyo nakasirika tena, na sijui kama nakukasirikia wewe au nalikasirikia koti langu la harusi.

Na lingine, kwa kuwa karatasi bado ipo. Mkisema mnamlipa mwenye kihamba, ulizeni ni nani atakayeamka kuulinda mti huo usiliwe na mbuzi. Mara nyingi siye mwenye simu. Unajua kwamba Mama Ndeshi ndiye aliyeipanda ile miringaringa mitatu mikubwa iliyo kwenye picha yako ya matangazo? Alikuwa na mimba ya Ndeshi. Marehemu alimcheka, akamwambia anapanda kivuli cha wajukuu. Programu imeihesabu yote mitatu kwa Baba Godi.

Basi, naona mkono umechoka. Ndani ya bahasha utakuta majani mawili ya isale. Nimeyakata kwenye lile shina la bandani, lililoota kutoka kwenye kile kijiti cha mama yako.

La kwanza nimelifunga fundo. Hilo ni langu kwako. Nilikuona unaukanyaga mpaka wa mtu nikanyamaza kwa sababu ya makofi, halafu nikaja kukupigia meza. Nisamehe, mwanangu. Unajua halikataliwi, kwa hiyo hapo nimekuonea kidogo, lakini mimi ni baba yako na nina haki ya kukuonea mara moja kabla hujaondoka.

La pili sijalifunga. Fundo lake hufungwa na anayeomba, na mimi siwezi kuomba kwa niaba yako. Ukilifunga, unajua pa kulipeleka. Huhitaji kwenda mbali, bodaboda wako atapita mbele ya geti lake akishuka Kiboriloni. Usipolifunga, liache mezani chini ya kikombe. Mama yako ataliona, atalitupa, na hakuna atakayekuuliza katika nyumba hii. Nimemwomba, na ameniahidi, na unajua mama yako akiahidi.

Taa ya Mama Ndeshi inawaka tangu nilipoanza kuandika. Ameogopa kulala, nadhani anasikiliza jembe. Kwa hiyo nikiifunga bahasha hii nakwenda kukaa naye pale mpakani mpaka kupambazuke, asiwe peke yake. Asubuhi usinitafute ndani. Chai yako mama yako ataipika, begi lako nimelisogeza mlangoni, ile zipu iliyoharibika nimeishona kwa uzi wa gunia.

Ukipita bila kusimama nitakupungia mkono kama baba yeyote anayemsindikiza mtoto wake, na nitamwambia Mama Ndeshi kwamba hujui kitu. Nitamsitiri mtoto wangu, kama nilivyositiriwa. Ila, Aika, usinifanye nimwambie hivyo.

Baba yako,
niko hapo chini kwenye masale.